Mafuta ya Mwili kwa Swala na Jamaa Zake: Maswali na Majibu Kuhusu Malisho, Makazi na Afya ya Mlaji

Je, ni kweli kwamba nyama ya swala haina mafuta?

Ina mafuta, ila ni machache, na kiasi chake hubadilika kulingana na msimu na mahali. Tangu Serikali ilipotoa kanuni za mwaka 2020 zinazoruhusu bucha za nyamapori, mkazi wa Dodoma aliyeshauriwa kupunguza mafuta kwa sababu ya presha au kisukari ana haki ya kuuliza swali hili. Mnofu wa paja la swala pala kwa kawaida huwa na chini ya gramu 3 za mafuta katika gramu 100, ilhali nyama ya ng'ombe aliyenenepeshwa kwa mashudu na pumba inaweza kuzidi kiwango hicho mara kadhaa. Mafuta ya swala hayatandai sana katikati ya nyuzi za nyama. Hujikusanya chini ya ngozi, kuzunguka figo na utumbo, na ndani ya mifupa, kwa hiyo anayenunua mnofu mtupu haoni hali halisi ya mnyama aliyechinjwa.

Kwa nini mnyama yuleyule anenepe mwezi Aprili na kukonda mwezi Oktoba?

Katika ukanda huu mvua hunyesha msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu. Majani mabichi ya masika yana protini ya kutosha kuwalisha vijidudu wanaoishi tumboni mwa wanyama wanaocheua, na vijidudu hao ndio wanaovunja nyuzinyuzi za majani na kumpatia mnyama nishati. Nyasi zikikauka protini hushuka, na ikifika chini ya asilimia 6 au 7 vijidudu hudhoofika, chakula hukawia tumboni bila kusagika, na mnyama huanza kutumia akiba ya mwili wake. Watu wengi huona vigumu kuliamini jambo hili, lakini mnyama anaweza kukonda huku tumbo lake limejaa.

Hata hivyo, si wote wanaoathirika kwa kiwango kimoja. Nyati, ambaye hutegemea nyasi, hupungua mapema. Swala pala hugeukia majani ya vichaka na maganda ya migunga yanayodondoka wakati wa kiangazi. Naye digidigi, anayechagua vichipukizi na majani laini, hupata humo hata sehemu kubwa ya maji anayohitaji.

Akiba yenyewe hutumika kwa utaratibu. Hutangulia mafuta ya chini ya ngozi, hufuata yale yanayozunguka figo, na mwisho kabisa huguswa uboho. Mwaka 1955 mtafiti Thane Riney, akichunguza kulungu wekundu wa New Zealand, alieleza namna ya kulinganisha uzito wa mafuta ya figo na uzito wa figo yenyewe ili kujua hali ya mnyama, na kipimo hicho kimetumika pia kwa swala wa Afrika. Lakini hata asiye na mizani anaweza kuona tofauti akipasua mfupa wa mguu: uboho wa mnyama mwenye siha ni mweupe, umeshikana, na huacha utelezi vidoleni kama siagi, ilhali wa mnyama aliyeishiwa ni mwekundu, una majimaji na hutikisika, kwa sababu nafasi ya mafuta imechukuliwa na maji.

Makazi nayo yana athari gani, ikiwa majani yapo kila mahali?

Wingi wa majani hautoshi kumnenepesha mnyama. Katika misitu ya miombo, upande wa magharibi kuelekea Tabora, udongo umepungukiwa rutuba, na nyasi hurefuka haraka zikawa ngumu na zenye lishe hafifu; katika mbuga za migunga zenye mvua chache nyasi ni fupi, lakini hubaki na lishe kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo pori la kijani kibichi linaweza kumdanganya mtazamaji. Umbali wa maji nao huhesabika, kwa kuwa mnyama anayetembea kilomita nyingi kwenda kunywa hutumia njiani nishati ambayo ingegeuka kuwa mafuta.

Kwa kulungu wa nchi za baridi, kipindi kigumu ni majira ya baridi. Kulungu wenye mkia mweupe wa Marekani hula kwa wingi matunda ya mialoni msimu wa vuli ili wajiwekee mafuta ya kuwavusha miezi ya theluji, na kulungu wekundu wanaoishi kwenye vilima vya wazi vya Uskoti huwa wadogo kuliko wenzao wa misitu ya bara la Ulaya.

Je, dume na jike hutofautiana?

Ndiyo. Dume hupoteza mafuta mengi wakati wa kupigania majike, kwa kuwa hula kidogo sana siku hizo. Jike hupungua zaidi anaponyonyesha.

Mbona mafuta ya swala huganda haraka mdomoni, kama kweli ni bora kwa moyo?

Vijidudu waliotajwa hapo juu hubadilisha sehemu kubwa ya mafuta laini ya majani kuwa mafuta yanayoganda kabla mwili haujayafyonza. Pundamilia hacheui, ndiyo maana mafuta yake ni laini zaidi. Mwaka 1968 Michael Crawford, aliyewahi kufanya kazi Uganda, alichapisha ulinganisho wa wanyama wa porini na mifugo, akaonyesha kwamba nyama ya wale wa porini ina mafuta machache, na sehemu kubwa zaidi ya hayo ni ya aina laini. Sifa hiyo ni ya mnofu. Donge la mafuta ya figo za swala ni mafuta yanayoganda kama ya ng'ombe.

Basi mwenye presha aache mbuzi ale nyamapori?

Hakuna sababu ya kuingia gharama hiyo. Mbuzi wa Kigogo anayejitafutia majani vichakani naye ana mnofu wenye mafuta machache, na mengi hukaa tumboni, ambako huondolewa kwa kisu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yanayoganda yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kiwango hicho huvukwa upesi na mtu anayekaanga swala kwenye mafuta mengi ya aina hiyo inayoganda. Nyama iliyokaushwa kwa chumvi humdhuru mwenye presha hata ikiwa haina mafuta, na mwenye jongo apunguze nyama nyekundu ya aina zote.

Je, nyama ya mnyama aliyekonda sana ni salama?

Kukonda kwa kiangazi si ugonjwa, lakini mafuta ya moyo na figo yakiwa kama uteute wenye maji, mkaguzi wa nyama anapaswa kuamua kabla haijauzwa wala kupikwa, kwa kuwa hali hiyo hutokea pia kwa mnyama mwenye maradhi ya muda mrefu. Mzoga uliookotwa porini usipasuliwe kabisa, hata kwa nia ya kutazama uboho, kwa sababu ya hatari ya kimeta. Toa taarifa kwa afisa mifugo au afisa wanyamapori wa eneo lako.