Je, wajua kwa nini sarafu za Tabora za mwaka 1916 hazifanani?

Chukua sarafu mbili za heller 20 (heller ilikuwa sehemu ya mia ya rupia ya Wajerumani) za mwaka 1916, zile zenye herufi T chini, uzilaze pamoja chini ya taa. Moja nyekundu, nyingine ya njano. Moja nene, nyingine nyembamba. Taji la hii kubwa, la ile dogo. Asiyezijua atakuambia papo hapo kwamba moja ni feki. Kumbe zote mbili ni halali, na zote zimetoka karakana moja: ya reli, Tabora.

Kabla ya vita, sarafu za koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki ziligongwa Ujerumani, Berlin na Hamburg, zikaja kwa meli. Vita vilipoanza 1914 njia hiyo ikakatika, na mwaka uliofuata Waingereza wakaifunga pwani yote kwa manowari. Huku bara, serikali ilikuwa na askari wa kulipa, wapagazi wa kulipa na nafaka ya kununua. Watu walitaka rupia ya fedha mkononi, na waliyoipata hawakuitoa tena. Iliingia mtungini au ardhini. Noti zilizochapwa haraka haraka hazikuaminika, na chenji ikapotea sokoni.

Tabora ilikuwa na kitu ambacho miji mingi ya koloni haikuwa nacho: karakana ya Reli ya Kati yenye mashine na mafundi wa chuma. Hapo ndipo sarafu za heller 5 na heller 20 zilipogongwa, hizi za 20 zikipita milioni moja. Malighafi ilikuwa chochote cha shaba kilichopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na ya mizinga. Ganda la risasi ni shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Vyuma chakavu vingine vilikuwa shaba nyekundu. Rangi mbili zikaja zenyewe. Bamba nalo halikutoka kiwandani likiwa na unene mmoja, ndiyo maana uzito hupanda na kushuka kutoka sarafu hadi sarafu. Kwa heller 20, basi, mizani pekee haikupi jibu.

Taji ni hadithi nyingine. Picha ya sarafu hutoka kwenye chapa ya chuma inayogandamizwa juu ya bamba. Chapa huchoka, hupasuka, huchongwa upya, na kila mchongaji ana mkono wake. Wakusanyaji hutofautisha taji kubwa na taji dogo upande wa mbele, kisha hugeuza na kutazama herufi L mbili za neno HELLER kwa kioo cha kukuza mara 10: je, ncha zimechongoka, zimejikunja zote, au imejikunja ya L ya pili tu? Ukiunganisha hayo na rangi ya shaba unapata orodha ya aina kadhaa, na nyingine ni adimu kuliko unavyodhani ukiziona zimerundikana mezani kwa muuzaji. Nyufa ndogo, herufi zilizofifia na picha iliyokaa pembeni kidogo si kasoro za kukutia hofu. Cha kutilia shaka ni sarafu laini mno yenye vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa: hiyo imemiminwa kwenye kalibu, haikugongwa.

Ya dhahabu ndiyo inayopoteza watu pesa. Mwaka huohuo Tabora iligonga sarafu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na tai wa Kijerumani upande wa pili. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa 16,198 tu, kwani Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji. Uzito wake ni gramu 7.168 na dhahabu halisi ni asilimia 75.

Kwa hiyo hapa mizani ina kazi. Tumia ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Pima kwanza sarafu ikiwa kavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa kuta wala chini. Namba utakayoona ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Dhahabu ya kiwango hicho itasoma kati ya 0.45 na 0.48, shaba ya njano iliyopakwa dhahabu, ikiwa na uzito uleule, itasoma karibu 0.84. Ukiona viputo vimeng'ang'ania sarafu, namba itakuwa kubwa kuliko kweli. Tone moja la sabuni kwenye maji huviondoa. Lakini kipimo hiki hakimkamati mjanja aliyegonga nakala kwa dhahabu ya kweli. Huyo hukamatwa kwa kulinganisha michoro na picha za sarafu iliyothibitishwa, mstari kwa mstari. Angalia pia ukingo wa juu: sarafu iliyowahi kuwa kidani hubaki na alama ya mahali ilipolehemiwa, na thamani yake hushuka sana.

Noti za vita hivyo zina namna yake ya kukaguliwa. Benki ya Deutsch-Ostafrikanische Bank ilitoa noti za muda kuanzia 1915, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, hata ya kufungashia bidhaa. Kufikia 1917, jeshi likiwa linarudi kusini, nyingine zilichapwa porini kwa vijiherufi vya mpira vya kuchezea watoto; herufi hazikai kwenye mstari na wino umevuja. Zipitishe chini ya taa ya urujuanimno (UV) gizani. Karatasi nyingi za kisasa hung'aa bluu-nyeupe kwa sababu ya dawa ya kung'arisha ambayo wakati ule haikuwepo. Noti ya 1917 hubaki imefifia. Saini ya kalamu, chini ya kioo, huonyesha wino uliozama kwenye nyuzi na mstari unaonenepa na kukonda. Ukiona vidoti vya rangi, hiyo ni printa.

Kuharibu ni rahisi kuliko kununua. Limau, majivu, dawa ya meno na dawa za kung'arishia shaba huondoa ngozi ya juu ya sarafu, na hakuna fundi wa kuirudisha. Mafuta ya kijani yanayonata hutokana na mifuko laini ya plastiki ya PVC. Yatoe kwa asetoni safi (si ile ya kufutia rangi ya kucha, ina mafuta na manukato), mbali na moto na dirisha likiwa wazi, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa, kama yale ya kuongezea kwenye betri (si tindikali), na ukaushe kwa kugusagusa, bila kusugua. Unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukiufuta ni balaa zaidi: ni chumvi inayoila shaba kukiwa na unyevu. Itenge sarafu hiyo na nyingine, iweke kwenye kopo linaloziba pamoja na vifuko vya silika. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa vifuko hivyo vinajaa unyevu upesi kuliko bara. Noti zikae kwenye bahasha za poliesta, zimenyooka, bila selotepu wala kulaminishwa.

Na kama unafikiria kuchimba: maneno ya kwamba rupia za Mjerumani zina zebaki au madini ya siri ni mtego wa matapeli. Rupia ya kabla ya vita ni gramu 11.66 za fedha na shaba kidogo, basi. Tanzania, kuchimba kutafuta mali za kale kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kabla ya kusafirisha kitu nje uliza kwanza Idara ya Mambo ya Kale. Ganda la mzinga utakalokuta bado lina kichwa chake usilisogeze. Weka alama kwa mbali, ita polisi.