Kwa nini mpini wa dekio hulegea, na ninavyoutengeneza usilegee

Nikiletewa dekio lenye mpini wa kurefusha na kufupisha, sianzi kuangalia kitambaa chake. Naurefusha mpini hadi mwisho, nausimamisha sakafuni, naukandamiza kwa viganja viwili mpaka uzito wangu uuelemee. Usipozama, nachovya kiungo chake kwenye ndoo ya maji ya sabuni na kuukandamiza tena. Mipini mingi inayofaulu mara ya kwanza huangukia hapo pa pili, na dekio halifanyi kazi mahali pakavu.

Kazi yangu ni kubuni vyombo vya usafi wa nyumbani, na kwa muda mrefu sasa nimeshughulika na mipini ya namna hii: ya madekio, na ya vipangusio vya kufutia vumbi juu ya makabati na kwenye mapangaboi. Watu huiona kuwa kitu kidogo. Mimi siioni hivyo, kwa sababu mpini ndio unaoamua kama mgongo wa anayedeki utainama au utasimama. Kwa karne nyingi sakafu zilisuguliwa kwa kupiga magoti, hata uvimbe wa mbele ya goti ukapewa katika Kiingereza jina la watumishi wa ndani. Katika miaka ya 1950, mhandisi wa Hispania, Manuel Jalón Corominas, aliingiza sokoni dekio la fimbo pamoja na ndoo ya kukamulia, na maelfu kwa maelfu ya watu wakadeki wakiwa wamesimama. Lakini fimbo ya urefu mmoja humfaa mtu wa kimo kimoja.

Bega la mtu liko kwenye takriban asilimia 82 ya kimo chake. Mwenye sentimita 150 bega lake liko kwenye sentimita 123 hivi. Mwenye 185 liko kwenye 152. Dekio likisimama wima, napenda ncha ya mpini ifike kati ya bega na kidevu. Ikiwa chini ya hapo, mgongo unainama. Ikipita hapo, mkono wa juu unaning'inia juu ya bega na kuchoka chumba kikiwa nusu. Kwa hiyo natafuta mpini wa kwenda kuanzia sentimita 120 hadi 160. Hizo sentimita 40 ndizo zinazoleta matatizo yote yaliyobaki.

Tuanze na bomba kuingia ndani ya bomba. Ili jembamba liteleze ndani ya nene lazima iachwe nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayofanya mpini ucheze. Tuseme ni milimita 0.3. Kama mabomba yamepandana kwa sentimita 5 tu, basi mita moja kutoka kwenye kiungo ncha itayumba milimita 6. Yakipandana kwa sentimita 15, nafasi ileile inatoa mtikisiko wa milimita 2. Nguvu zinazosukuma kuta za bomba nazo hupungua kwa uwiano huohuo. Mkunjo wa nyutoni-mita 3, yaani nguvu ya nyutoni 3 ikisukuma kwa umbali wa mita moja, kwenye kiungo chenye mpandano wa sentimita 5 unakandamiza kuta kwa nyutoni 60. Mpandano wa sentimita 15 unaziteremsha hadi nyutoni 20. Hapo huhitaji chuma kizito zaidi wala plastiki ya bei, unahitaji sentimita 10 za bomba. Ndiyo maana nachora bomba la nje la sentimita 90 na la ndani la 85: yakirefushwa hadi 160, sentimita 15 bado zimefichwa ndani, na kuna kizuizi kinachomkataza mtumiaji kuzitoa. Nikiona mpini unaojivunia urefu mkubwa bila kizuizi hicho, najua urefu huo umekopwa kwenye kiungo.

Sasa kifungio, yaani kile kinachoyazuia mabomba yakishapangwa. Hapa ndipo nilipokosea zaidi, na ndipo nilipojifunza zaidi.

Kifungio kilichozoeleka ni cha kusokota. Ndani, kwenye ncha ya bomba jembamba, kuna kipande cha plastiki cha mviringo kilichotobolewa pembeni badala ya katikati. Ukisokota bomba, kipande hicho kinahama upande mmoja na kujikaba kwenye ukuta wa bomba la nje. Ni rahisi kutengeneza, hakionekani kwa nje, na hukuruhusu kusimama kwenye urefu wowote. Nilikitumia kwenye dekio langu la kwanza bapa, nikampa dada mmoja msafishaji alijaribu. Sikumwambia chochote, nilikaa pembeni tu nikitazama. Alideki kama wanavyodeki wanaoijua kazi: kichwa cha dekio kikienda kama tarakimu 8 iliyolazwa, ukingo uleule ukitangulia daima ili uchafu usiachwe njiani. Kila alipofika kwenye kona ya ile 8, kiganja chake kilisokota mpini kidogo. Baada ya dakika chache mpini ulianza kufupika taratibu. Akaukaza. Ukafupika tena. Mara ya tatu aliuacha hivyo hivyo, akainama, akaendelea na kazi.

Niliumia kuona mgongo ule ukiinama, kwa sababu kosa halikuwa lake. Dekio bapa huongozwa kwa kusokota mpini, na mimi nilikuwa nimeweka kifungio kinachofunguka kwa kusokota mpini. Hesabu yake si ngumu: kichwa cha upana wa sentimita 40 kikikwama ncha moja kwenye mguu wa kiti kwa nguvu ya nyutoni 10, umbali wa sentimita 20 kutoka katikati, msokoto wa karibu nyutoni-mita 2 unapanda kwenye mpini. Mkono wenye sabuni unapata shida kukaza zaidi ya hapo kwenye bomba laini. Kwa hiyo samani zako zina nguvu za kutosha kufungua ulichokifunga mwenyewe. Kwenye kipangusio cha vumbi, ambacho hakigusi maji wala hakisokotwi sana, kifungio hiki kinavumilika. Kwenye dekio sikiweki tena.

Kibano cha wenzo, kile unachokifunga kwa kukilaza kwa kidole gumba, ni bora. Msokoto haukifungui, na anayetazama anaona mara moja kama kimefungwa. Lakini nacho kinategemea msuguano, na sabuni kazi yake ni kuua msuguano. Plastiki yake pia hulegea kadiri siku zinavyokwenda, na usipomwachia mtumiaji skrubu ya kukazia, siku moja kitafungwa bila kubana chochote.

Nimetulia kwenye kitufe cha springi na matundu. Kitufe kinachomoza kwenye tundu la bomba, basi. Hakuna msuguano unaoombwa kufanya kazi ya ukuta. Wanaokipinga husema kinatoa hatua, hakitoi urefu wowote utakao. Ni kweli, lakini nikitoboa matundu kila baada ya sentimita 4, mtu hawezi kuwa mbali na urefu wake kwa zaidi ya sentimita 2, na mgongo hauzihisi sentimita 2. Kinachonisumbua ni kwamba matundu hudhoofisha bomba. Mpini wa dekio hupindwa zaidi kwa kusukumwa mbele na kuvutwa nyuma, kwa hiyo mkazo mkubwa uko kwenye uso wa mbele na wa nyuma wa bomba. Ubavuni, katikati ya nyuso hizo, mkazo huo unakaribia sifuri. Matundu nayatoboa ubavuni. Mfano wangu mmoja wa awali ulikuwa na matundu kwa mbele kwa sababu yalionekana vizuri kwenye picha. Ulikunjika kwenye tundu la tatu.

Kitufe pekee hakiondoi kucheza kwa mabomba. Kwenye mdomo wa bomba la nje naweka bushi, yaani pete, ya nailoni iliyopunguzwa kidogo kwa ndani na kukatwa mwanya mmoja, ili ibane kama kola ya shati. Inapangusa maji na mchanga kila bomba linapoingia, na sauti ile ya kugongana kwa alumini, ambayo humfanya mtu aone chombo ni cha ovyo hata kama ni imara, inapotea kabisa.

Lipi likae juu, bomba nene au jembamba? Nene, upande wa mkono. Ezeko la nyumba hupangwa la juu likilifunika la chini, maji yateleze bila kuingia. Mpini nao ni hivyohivyo: bomba nene likiwa juu, mdomo wake unatazama chini na maji yanayotiririka yanaupita. Ukiutumia huohuo kupangusia dari, sehemu inayobeba mkunjo mkubwa ni ile iliyo karibu na mkono, na ndiyo nene. Ugumu wa bomba dhidi ya kupinda hukua haraka kuliko kipenyo chake: bomba la alumini la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 1 lina ugumu wa karibu mara moja na nusu ya lile la milimita 22 lenye ukuta uleule, na kwa kila mita linaongeza gramu 25 hivi tu.

Gramu hizo kwenye dekio hazina neno, kwa sababu sakafu inalibeba. Kipangusio hakina sakafu. Kichwa cha gramu 150 kikiwa mita 2 kutoka mkononi kinavuta kiwiko kwa karibu nyutoni-mita 3 kabla hujahesabu uzito wa mpini wenyewe. Na urefu una adhabu nyingine: ukiuongeza mara mbili, mzigo uleule wa nchani unalipinda bomba mara nane. Kwa hiyo kwenye kipangusio kila gramu naipunguzia nchani kwanza. Kiungo cha kukunja kichwa nakitengeneza cha meno 24, kila jino nyuzi 15, kwa plastiki nyepesi yenye springi ndogo, badala ya skrubu ya chuma yenye masikio. Mabomba huwa matatu, na sitoi ahadi kwamba sakafu itasuguliwa kwa mpini huo. Nimejaribu mara kadhaa kutengeneza mpini mmoja wa kazi zote mbili. Kila mara nilipata dekio legevu na kipangusio kizito.

Siku moja nilifungua mpini uliokwama kabisa, wa dekio lililokuwa likining'inizwa kichwa juu. Nilipolichomoa bomba la ndani kwa jiriwa, lilitoka limepakwa uji wa kijivu wenye chembechembe, mzito kama dawa ya meno. Ulikuwa mchanganyiko wa sabuni na ungaunga wa alumini iliyoliwa. Maji yalishuka kutoka kichwani, yakaingia kwenye kiungo na hayakuwa na pa kutokea. Alumini hulindwa na tabaka jembamba la oksaidi, na sabuni kali zenye magadi huliyeyusha tabaka hilo. Klorini nayo huchimba vitundu. Tangu hapo kila kizibo cha mpini wangu kina tundu la milimita 4 la kutolea maji. Tundu hilohilo linapitisha hewa, hivyo ukifupisha mpini haukusukumi kama pampu ya baiskeli.

Kichwani sifungi kwa hesi, yaani mifereji ya kusokotea kama ya skrubu. Hesi za mipini ya Marekani haziingiliani na zile ziitwazo za Kiitalia, na zote mbili zinaweza kufunguka kwa msokoto uleule niliousema. Naweka kiungo kinachojikunja pande mbili, kinachoshikwa kwa kitufe cha pili. Kitambaa ni cha maikrofaiba, kwa kawaida asilimia 80 ya poliesta na 20 ya poliamidi, na kinachokiua haraka ni kilainisha nguo, klorini na joto kali.

Juu kabisa naweka kirungu cha mviringo cha plastiki laini, kwa sababu mkono wa juu kazi yake ni kuzunguka mahali pamoja. Mkono wa chini unapata shiko la mpira lenye kipenyo cha milimita 32. Pembeni ya kila tundu kuna namba iliyochorwa kwa leza, maana nyumba yenye watu wanne ina urefu wa mpini wa aina nne, na asiyekumbuka namba yake hatairekebisha kamwe.

Majaribio yangu hayahitaji mashine kubwa. Kiungo kinachovywa kwenye maji ya sabuni, dekio linasimamishwa juu ya mizani ya kupimia uzito wa mtu, nalikandamiza hadi ionyeshe kilo 20, nasokota kulia na kushoto mara kumi. Kisha naufungua mpini na kuufunga mara 500 nikinyunyiza mchanga laini kila baada ya mara 50. Toleo la mwisho lilipita yote, ila kitufe chake cha plastiki kililika milimita 0.4 kwenye ukingo. Sasa ni cha chuma cha pua, kinashikwa na skrubu moja ya kawaida, na kinabadilishwa bila kulitoa bomba la ndani.