Je, wajua kwa nini ini na kongosho huweza kupandikizwa yakiwa bado yameshikana?

Ukisikia mgonjwa kapandikizwa ini na kongosho siku moja, unaweza kudhani madaktari walimaliza kimoja ndipo wakahamia cha pili. Wapo wanaofanya hivyo. Lakini ipo njia nyingine: viungo hivyo hutolewa kwa mtu aliyefariki na kuwekwa kwa mgonjwa kama furushi moja, pamoja na duodeni, yaani sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Kwa nini wasivitenganishe?

Sababu ni mabomba. Nyongo ikishatengenezwa na ini hushuka kwenye mfereji mwembamba, na kabla ya kumwagika kwenye duodeni hupita katikati ya kichwa cha kongosho. Mfereji wa kongosho lenyewe huja kukutana nao hapohapo mlangoni. Ateri za viungo hivi nazo kwa sehemu kubwa zimechipuka kwenye shina moja, na damu inayotoka kwenye kongosho haikimbilii moyoni. Hupitia kwanza kwenye ini. Kila utakapokata hapo, utalazimika kushona.

Na kuna mshono mmoja unaowanyima usingizi wapandikizaji wa ini: ule wa mfereji wa nyongo. Huvuja, au huziba baadaye. Furushi likipandikizwa zima, mshono huo haupo kabisa. Duodeni ya mtoaji huunganishwa na utumbo wa mgonjwa, basi, nyongo inateremka kwa njia yake ileile ya zamani. Isitoshe, kongosho halipendi kushikwashikwa. Limejaa vimeng'enya vya kusaga protini na mafuta, na likijeruhiwa vikavuja, huanza kusaga nyama ya jirani.

Upasuaji wa namna hii ulianza kwa ajili ya saratani. Mwaka 1989 Thomas Starzl, yuleyule aliyejaribu kwa mara ya kwanza kumpandikiza binadamu ini mwaka 1963, aliripoti na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, kwamba waliwaondolea wagonjwa ini, mfuko wa tumbo, wengu, kongosho na sehemu za utumbo, kisha wakawawekea furushi la ini, kongosho na duodeni.

Siku hizi wanaofikiriwa zaidi ni wenye ini lililoharibika na pia kisukari kinachohitaji sindano za insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari kwenye damu. Mfano ni sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mwili kuwa mzito kama gundi. Ute huo huziba vijifereji vya ini na vya kongosho pia.

Utauliza, si wapewe ini tu, kisukari waendelee na sindano? Wengi hufanyiwa hivyo. Tatizo ni kwamba dawa za kuzuia mwili kukataa kiungo kipya, hasa takrolimasi na steroidi, hupandisha sukari. Unaponya ini huku unachochea kisukari. Na kwa kuwa dawa hizo lazima zimezwe maisha yote kwa ajili ya ini, kongosho halimwongezei mgonjwa mzigo mkubwa wa vidonge.

Ajabu nyingine ni kwamba kongosho la mwenye kisukari mara nyingi haliondolewi. Anatoka chumba cha upasuaji akiwa nayo mawili: jipya likitoa insulini, na la zamani, kama lilikuwa na upungufu wa insulini tu, likiendelea kumwaga juisi zake za kumeng'enya chakula kama kawaida.