Kwato kwanza, kisha moyo: Xenophon juu ya farasi

Sisi madaktari wa mifugo tunaoshughulika na farasi tuna mengi ya kujifunza kutoka kwa kijitabu ambacho Xenophon wa Athens alikiandika katika karne ya 4 KK kuhusu upandaji farasi. Mwandishi huyu aliwahi kukaa miongoni mwa wafuasi wa Socrates, lakini hapa hazungumzi falsafa. Anazungumza kama askari aliyekwenda Uajemi mwaka 401 KK pamoja na jeshi la Wagiriki wa kukodiwa, akarudi kupitia milima na theluji ya Armenia, na ambaye kwa miaka mingi aliishi na farasi. Anawaandikia rafiki zake vijana, na tangu mwanzo anakiri kwamba mtu mwingine, Simon, alimtangulia kuandika juu ya jambo hilo, na kwamba pale wanapokubaliana hatayafuta maneno yake mwenyewe.

Ninachokithamini zaidi katika kijitabu hicho ni kwamba karibu kila agizo lake linatokana na swali moja: farasi mwenyewe anapata nini, miguuni mwake na moyoni mwake?

Anapoeleza namna ya kununua mwanafarasi ambaye bado hajapandwa, anasema kwamba tabia ya mnyama huyo haijajidhihirisha, kwa hiyo mnunuzi auchunguze mwili, na katika mwili aanze na miguu. Nyumba yenye orofa nzuri juu ya msingi mbovu haina faida, na farasi wa vita mwenye kwato mbaya naye hafai kitu hata kama sehemu nyingine zote zinapendeza. Anataka kwato nene, zilizoinuka mbele na nyuma, zenye uvungu unaolia kama toazi zinapogonga ardhi ngumu. Anataka pia ile sehemu laini yenye umbo la pembetatu, iliyo chini ya wayo, ikae mbali na ardhi, na hapo sikubaliani naye kikamilifu, kwani leo tunafahamu kwamba sehemu hiyo hunufaika inapoigusa ardhi na kusaidia kupunguza mshtuko wa kila hatua. Hata hivyo, mpangilio wake wa uchunguzi ni sahihi kabisa, na ningependa kila mnunuzi anayesimama mbele ya farasi huku akishangaa shingo na kichwa ajizoeze kuinama kwanza.

Sehemu zilizo juu zaidi ya kwato anazipitia haraka zaidi: mifupa minene ya miundi, magoti yanayokunjika kwa wepesi, kifua kipana, macho yaliyotokeza, mianzi mipana ya pua. Anapendelea mgongo ambao uti wake umezama kati ya misuli miwili, na sababu yake inaeleweka mara moja mtu akikumbuka kwamba Wagiriki wa zama zake hawakuwa na tandiko lenye fremu wala vikuku vya kukanyagia, hivyo mgongo wenyewe ndio uliokuwa kiti cha mpandaji. Kimo cha baadaye cha mwanafarasi anakikadiria kwa urefu wa miundi yake anapozaliwa, kwa kuwa miundi hairefuki sana baada ya hapo. Hilo ni kweli, na yeyote aliyemwona mwanafarasi mchanga akiyumba juu ya miguu mirefu ameushuhudia ukweli huo. Kwa farasi aliyekwisha kupandwa, jambo la kwanza ni umri unaosomwa katika meno. Mwanafalsafa Aristotle naye aliandika kwamba farasi hung'oa meno yake manne ya kwanza akiwa na miezi 30.

Sehemu ninayoirudia kuliko zote ni ile ya banda na uwanja wake. Nyakati hizo Wagiriki hawakuwapigilia farasi viatu vya chuma, hivyo uzima wa mnyama ulitegemea kwato zake tupu. Xenophon anaonya kwamba sakafu yenye unyevu na utelezi huharibu hata kwato nzuri, na anaagiza sakafu iwe na mteremko wa kuondoa maji, ikiwa imepangwa mawe yenye ukubwa wa kwato. Nje ya banda anataka imwagwe mikokoteni minne au mitano ya mawe ya mviringo, kila moja la kujaza kiganja na lenye uzito wa mina 1 hivi, yaani chini kidogo ya nusu kilo, na kuzungushiwe ukingo wa chuma ili yasitawanyike. Farasi akisimama hapo akisuguliwa, au akihamisha miguu kwa kusumbuliwa na nzi, atakuwa anazitumia kwato zake sawasawa na anapotembea katika njia ya mawe. Ni tiba isiyohitaji dawa: sehemu kavu, mgandamizo wa mara kwa mara, mwendo mdogo usiokoma. Kwa sababu hiyo hiyo anamkataza saisi, yaani mtunza farasi, kuosha miguu ya farasi kila siku, kwa kuwa maji hayo yanazidhuru kwato.

Kuhusu chakula, anataka banda liwe mahali ambapo mwenye farasi atamwona mnyama wake mara nyingi, ili agundue mapema farasi anapoanza kumwaga nafaka yake. Dalili hiyo, anasema, huonyesha kwamba mwili unahitaji matibabu, au mnyama amechoka, au ugonjwa unaotokana na shayiri unamnyemelea, na magonjwa ya farasi, kama ya binadamu, hutibika kwa urahisi zaidi yakiwa bado machanga. Mpaka leo nafaka nyingi kupita kiasi ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za uvimbe mkali ndani ya kwato, ambao unaweza kumfanya farasi ashindwe kabisa kutembea.

Mafunzo nayo yanaanzia bandani. Kabla mwanafarasi hajapelekwa kwa mfunzaji, saisi ahakikishe kwamba njaa, kiu na bughudha vinampata akiwa peke yake, ilhali chakula, maji na nafuu vinamjia kupitia kwa mtu. Akilelewa hivyo atawatamani watu. Apitishwe katikati ya umati na kelele, na anapokiogopa kitu asipigwe, kwa sababu maumivu ya mjeledi atayahusisha na kitu kile kile anachokiogopa. Mpandaji akiguse kitu hicho mwenyewe, kisha amsogeze farasi taratibu. Xenophon anakataza kabisa kumshughulikia farasi kwa hasira, kwani hasira haioni mbele. Mwandishi wa Kigiriki Plutarch anasimulia kwamba Alexander Mkuu, alipoona farasi aitwaye Bucephalus anashtushwa na kivuli chake mwenyewe, alimgeuza ili alikabili jua kabla ya kumpanda. Ni mtazamo ule ule wa kuitafuta sababu ya woga kwanza.

Isidhaniwe kwamba Xenophon alikuwa mpole katika kila jambo. Anamtaka mpandaji awe na lijamu mbili, moja laini na nyingine yenye miiba midogo, ili farasi aliyeonja ile kali aipokee ile laini kwa furaha. Mimi siwezi kuliunga mkono hilo, maana ulimi na ufizi wa farasi hujeruhika kwa urahisi, na kinywa chenye kidonda hakifundishiki. Nadhani ushauri huo unapingana na maneno ya Simon ambayo Xenophon mwenyewe anayanukuu mbele kidogo, kwamba anachokifanya farasi kwa kulazimishwa anakifanya bila kukielewa, wala hakina uzuri, kama vile mcheza ngoma angechapwa na kuchomwa ili acheze. Kati ya mafundisho hayo mawili, ninalolitumia kazini ni hilo la Simon.