Kabla Hujatangaza Tarehe ya Wimbo

Kijana mmoja alifika kwenye dawati letu la ushauri kwa wasanii akiwa ameshika simu kama mtu aliyeletewa notisi ya kuhama. Wimbo wake ulikuwa na siku 12 tu mtandaoni. Bodaboda wa mtaani kwake Mbagala walikuwa wanaupiga kuanzia asubuhi, lakini YouTube walikuwa wamemwandikia kwamba kuna mtu mwingine anadai umiliki, na mapato yanakwenda kwa huyo. "Mzee, huu wimbo nimeutunga mwenyewe, hata karatasi niliyoandikia ninayo." Alisema kweli. Mashairi yalikuwa yake, biti haikuwa yake.

Biti ile aliipata mtandaoni kwa bei ya sahani ya biriani. Kwa bei hiyo huwa hununui, unakodi. Mwenye biti anabaki huru kuikodisha kwa wengine hamsini, na mmoja wao akiingiza wimbo wake kwenye Content ID, ule mfumo wa YouTube unaotambua sauti, mashine itausikia mdundo uleule kwako na kukuhesabu wewe ndiye uliyechukua. YouTube inakataza kuingiza humo sauti usiyoimiliki peke yako. Watu wanaingiza hata hivyo, wengi kwa sababu tu walikubali kila kisanduku walichokutana nacho wakati wa kupakia. Ukilipinga dai ndani ya siku 5, mapato hushikiliwa tangu siku dai lilipowekwa. Ukichelewa, yanashikiliwa kuanzia siku ulipopinga, na ya nyuma ndiyo yamekwenda. Mdai naye ana siku 30 za kujibu, na kwa wimbo mpya siku 30 ndio ujana wake wote. Bahati ya kijana wetu ni kwamba risiti na masharti ya biti vilikuwa bado kwenye barua pepe yake, na dai likaondolewa. Wimbo nao ulikuwa umeshapoa.

Kwa hiyo msanii anayejitegemea akiniuliza aanzie wapi kupanga kuachia wimbo, sianzii Instagram. Naanzia karatasi.

Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani mashairi na melodi, na kuna rekodi yenyewe, ambayo watu wa studio huiita masta. Mali hizi zinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na mirabaha yake, yaani malipo ya kutumiwa kwa kazi, hupita njia tofauti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi bila kusubiri asajili kazi yake, katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Lakini hakuna sheria wala ofisi inayojua mlikubaliana nini studio saa nane usiku. Hayo mnayajua nyinyi, na kila mmoja anayakumbuka kwa namna inayompendeza.

Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Andika jina la wimbo na tarehe, kisha majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, na pembeni jina la kisanii la kila mmoja. Halafu asilimia za utunzi: tuseme aliyeandika mashairi 50, aliyetengeneza biti 30, aliyeleta melodi ya kiitikio 20. Zijumlishe zifike 100. Nimepokea karatasi za 110 zaidi ya mara moja. Mstari unaofuata useme masta ni ya nani. Wote watie saini na kila mtu aipige picha kwa simu yake. Aliyeimba kiitikio kwa ushkaji naye aandikwe, hata kama ni kuandika kwamba amelipwa mara moja na hadai zaidi. Ushkaji huwa mtamu kabla wimbo haujaanza kupigwa.

Wasanii wadogo huona haya kumtolea prodyuza mwenye jina karatasi. Usiende kama askari. Mwambie, "Kaka, naomba majina yenu sawasawa, wakala wa usambazaji anayataka." Na ni kweli anayataka. Majukwaa kama Spotify na Apple Music hayapokei wimbo moja kwa moja kutoka kwa msanii wa kawaida, unapitia wakala kama DistroKid au TuneCore. Mawakala wengine wanatoza ada ya mwaka, wengine wanakata asilimia. Kabla hujajiunga, uliza swali ambalo wengi hawaulizi: nikiacha kulipa, nyimbo zangu zinabaki au zinashushwa?

Wimbo upakie kama faili la WAV. Ile MP3 uliyotumiwa WhatsApp iache hukohuko. Picha ya jalada iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu ya menejimenti, maana itakataliwa. Jina lako la kisanii litafute kwanza kwenye majukwaa yote. Ukikuta mwenzako wa Lagos analitumia, nyimbo zenu zinaweza kuishia kwenye ukurasa mmoja, na kuzitenganisha ni kazi ya barua nyingi.

Kila rekodi hupewa namba iitwayo ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Ukikuta ya kwako inaanza na QZ badala ya TZ usishtuke, umepewa kupitia wakala wa Marekani na wimbo ni wako vilevile. Iandike kwenye ile karatasi ya mgawanyo wa asilimia. Ukihama wakala ukapakia rekodi ileile kwa namba mpya, majukwaa yataiona kama wimbo mwingine na hesabu yako ya kusikilizwa inaweza kuanza sifuri.

Sasa tarehe. Tangu Julai 2015 soko la muziki duniani limeafikiana kutoa kazi mpya Ijumaa, na orodha nyingi za nyimbo mpya hubadilishwa siku hiyo. Hesabu kurudi nyuma. Wimbo ufike kwa wakala wiki nne kabla, kwa sababu jalada likikataliwa utahitaji muda wa kurekebisha. Wahariri wa Spotify wapelekee wimbo kupitia akaunti yako ya msanii si chini ya siku 7 kabla ya kutoka. Ukifanya hivyo, wanaokufuata watauona kwenye orodha yao ya nyimbo mpya hata kama mhariri hakuuchagua. Tazama pia mwandamo. Ramadhani huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka, na wimbo wa klabu unaotoka katikati ya mfungo unajinyima wenyewe.

Saa nayo ina mambo yake. Dada mmoja aliwatangazia mashabiki video inatoka saa 12 jioni, akaenda kwenye mipangilio akaweka 12:00 PM. Video ikatoka saa sita mchana, watu wako kazini, na jioni mashabiki waliosubiri wakakuta maoni ya wenzao waliokwisha kuichoka. Saa 12 jioni kwenye simu ni 18:00. Na mfumo ukionyesha saa za UTC, yaani saa za kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa tatu.

Kuhusu fedha nitasema moja. Wengi humaliza zote kwenye video, wimbo ukitoka hawana hata nauli ya kwenda kituo cha redio. Baki na kitu cha wiki tatu za baada. Tangu 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi ambayo haijafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12, na mara hizo hutafutwa baada ya Ijumaa ya kwanza.

Redio za mikoani wapelekee faili lenye jina la msanii na la wimbo. Wakikupa kipindi, nenda. Kisha fungua ukurasa mwingine wa daftari lilelile, na kila unaposikia wimbo wako hewani, kwenye daladala au saluni, andika kituo, siku na saa. Mgao wa mirabaha ukiwa na utata, ukurasa huo ndio utakaokuja nao dawatini. Na kwenye saa, tafadhali, ainisha kama ni ya Kiswahili au ya simu.