Yupo nyumbani, basi hana kazi: maneno ya watu na ukweli wa kufanyia kazi nyumbani

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, Rais Uhuru Kenyatta, aliyekuwa madarakani wakati huo, alizihimiza ofisi za serikali na kampuni ziruhusu watu wafanyie kazi majumbani, isipokuwa wale wa huduma za lazima. Wengi walisharudi ofisini zamani. Wengine hawakurudi: wahasibu, wafasiri, wabunifu wa matangazo, waandika programu, vijana wanaopokea simu za wateja wa kampuni za ng'ambo. Wamebaki nyumbani na kompyuta zao, na maneno ya watu yanawafuata. Mengi ya maneno hayo si ya kweli, na mabaya zaidi ni yale ambayo wao wenyewe wameshayaamini.

"Nyumbani mtu anazembea tu"

Hii ndiyo hofu ya mabosi. Mwaka 2022 Microsoft ilipowahoji watu wa nchi kadhaa, 87% ya wafanyakazi walisema wanazalisha vizuri, huku 85% ya viongozi wakisema mfumo wa kukaa mara nyumbani mara ofisini unawapa shida kuamini hivyo. Kila upande unajitetea, kwa hiyo afadhali tutazame pahali ambapo kazi ilipimwa kweli.

Ctrip, kampuni ya Uchina inayouza tiketi za ndege na vyumba vya hoteli, ilifanya jaribio mwishoni mwa 2010 kwa wafanyakazi wa kitengo cha simu waliojitolea. Mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walisimamia vipimo. Waliozaliwa tarehe za shufwa wakapelekwa nyumbani siku nne kwa wiki, wa tarehe za witiri wakabaki ofisini. Baada ya miezi tisa, wa nyumbani walikuwa wamewapita wenzao kwa 13%. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo, yaani 9 kati ya hizo 13, ilitokana na kukaa kazini dakika nyingi zaidi: mapumziko machache, siku chache za kuugua. Iliyobaki ilitokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa dakika, kwa sababu nyumbani palikuwa na utulivu. Walioacha kazi walipungua kwa nusu.

Sasa kuna mambo mawili ambayo wapenzi wa kufanyia kazi nyumbani huyaruka wanapoisimulia habari hii. Kwanza, watu wale walijitolea, walikuwa na uzoefu wa kazi, na kila mmoja alitakiwa awe na chumba cha kufanyia kazi na intaneti nzuri. Pili, jaribio lilipokwisha na watu wakaruhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu walibadili mawazo. Wengi waliorudi ofisini walilalamikia upweke. Na baada ya kila mtu kukaa anapopataka, faida ikapanda hadi karibu 22%. Mimi nalichukua hilo kuwa somo kubwa kuliko ile 13%: nyumbani panamfaa anayefaana na nyumbani, na aliyelazimishwa hazalishi sana popote umwekapo.

Lipo na dogo la kutia wasiwasi. Ukilinganisha watu waliofanya kazi sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache zaidi. Asiyeonekana husahaulika. Ukifanyia kazi nyumbani, andika ulichokamilisha na ukitume kila Ijumaa kabla hujaulizwa, hata kama bosi wako hajibu.

"Kwa kuwa upo, nisaidie kidogo"

Hapa ndipo kazi inapoliwa kweli, na mlaji si uvivu. Chukua mhasibu mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, mwishoni mwa mwezi. Saa tatu na nusu asubuhi kafungua hesabu za mteja, pangaboi linazunguka, safu ya madeni haitaki kukubaliana na safu ya malipo. Hodi!

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia siku hizi unashinda hapa hapa, nikasema nipite tuongee."

Hakuna kitabu cha usimamizi wa muda kitakachokufundisha kumfungia mlango shangazi, na wala hupaswi. Atakaribishwa, atapewa maji. Kinachowezekana ni kumpa saa: "Shangazi, nina kazi ya watu mpaka saa saba. Saa saba nafunga, tule pamoja, uniambie habari za nyumbani." Wazee wengi hukubali wakitajiwa saa. Kinachowaudhi ni kuitikiwa nusu nusu huku macho yako yako kwenye kioo.

Baada ya shangazi anakuja fundi bomba, anakuja muuza samaki, jirani anaomba umwangalizie mtoto mara moja, na hiyo mara moja inafika adhuhuri. Wa ndani ya nyumba wape alama wanayoiona kwa macho, maana maelezo husahaulika. Pazia la mlango likishushwa, haingii mtu mpaka lipandishwe. Mtoto wa miaka mitano huelewa pazia, haelewi "mama ana kikao".

Na tuseme ukweli, mzigo huu haugawiwi sawa. Mwanamume akifunga mlango watu hunyamaza kwa kuwa baba ana kazi, mwanamke akiufunga huulizwa kama mchuzi umeiva. Nyumba yenye watu wawili wazima iketi chini ipange nani anaitika hodi saa ngapi, la sivyo mmoja atafanya kazi ya mshahara usiku, wote wakishalala.

"Ukikaa mezani saa nyingi, umefanya kazi nyingi"

Ofisini kuna vitu vinavyokumalizia siku bila wewe kutaka. Mlinzi anataka kufunga geti, wenzako wanasimama, daladala za mwisho zinajaa. Nyumbani hakuna anayekufukuza. Unasema umalize barua pepe moja baada ya chakula, kisha unaona ni saa sita usiku.

Wenye wateja Marekani ndio wanaoumia zaidi. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni ya Dar es Salaam. Wao wakisogeza saa zao mbele kuanzia Machi, inakuwa saa kumi. Kikao chao cha saa nane mchana kinakukuta saa nne usiku, au saa tatu. Anayeanza kazi alfajiri kwa mazoea ya ofisi, kisha akakesha kwa ajili ya mteja, anafanya siku mbili katika moja. Kama mteja wako yuko huko, asubuhi yako iwe yako: soko, watoto, usingizi. Anza mchana bila kuona haya, hata jirani akikukuta unaanika nguo saa nne na kusema huna kazi.

Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani uliotolewa 2021 ulionyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa 35%, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa 17%, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Nchi nyingine zimeingiza jambo hili kwenye sheria. Ufaransa ilianza 2017 kuzitaka kampuni kubwa zikubaliane na wafanyakazi juu ya haki ya kutojibu ujumbe baada ya kazi, na Ureno mwishoni mwa 2021 ilimkataza mwajiri kumsumbua mtu nje ya saa zake isipokuwa kwa dharura. Kwetu bosi bado anatuma ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku, kisha anaongeza "hakuna haraka". Kama kweli hakuna haraka, usimjibu mpaka asubuhi. Ukimjibu mara tatu usiku, umeshampa ratiba.

"Bila ofisi ya kisasa huwezi"

Unaweza. Meza ya kulia chakula inatosha, viwiko vikikaa usawa wa meza na miguu ikigusa sakafu. Inua kioo cha kompyuta mpakato kwa kreti au vitabu mpaka kifikie macho, na ununue kibodi ya pembeni. Usichokifanya ni kufanyia kazi kitandani. Mgongo utakushtaki, na usingizi nao utaanza kukukimbia hapo hapo ulipozoea kuupata.

Wanaosema lazima uvae shati la ofisini hata kama huna kikao, waache na pasi zao.

"Naweza kupika huku nasikiliza kikao"

Maharage yataungua, na utaitwa jina usijue umeulizwa nini.

"Umeme na mtandao ni visingizio"

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kisingizio hicho hakikutungwa na mtu. Ila anayekaa nyumbani hana fundi wa ofisi wala jenereta la mwajiri, kwa hiyo lazima aigawe kazi yake mapema. Inayohitaji mtandao, yaani kupakua mafaili, kutuma na vikao, ifanyike wakati mtandao upo. Kuandika, kuhariri na kupiga hesabu kunaweza kusubiri giza la umeme kukatika, betri ikiwa imejaa. Uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zinunuliwe kabla mita haijaanza kulia, na bando la mtandao wa pili liwepo kwenye simu, hata dogo.

Ukikatikiwa, usikae kimya ukisubiri urudi. Tuma ujumbe mfupi wa kawaida wa simu: umefika wapi, kilichobaki ni nini, na utakituma saa ngapi.