Nyota ya 13 haimo kwenye chati yako

Kila baada ya muda uvumi unarudi: NASA wameongeza nyota ya 13 kwenye zile 12 za unajimu, kwa hiyo aliyekuwa Mshale sasa ni Mbeba Nyoka (kundi la nyota liitwalo Ophiuchus). Si kweli. Chati ya unajimu wa Magharibi, yaani mchoro wa mahali Jua na sayari zilipokuwa ulipozaliwa, haifuati makundi ya nyota unayoyaona usiku. Duara lake la nyuzi 360 hukatwa vipande 12 vya nyuzi 30, kuanzia pale Jua linapovuka ikweta mwezi Machi. Hapo ndipo sifuri ya Punda (jina la magazetini hilo, mchoro wenyewe ni kondoo dume). Ukikuta “Jua, Mizani 14”, maana yake ni nyuzi 194 kutoka hapo, kwa kuwa Mizani ni kipande cha saba na huanzia nyuzi 180. Mbeba Nyoka yupo angani kweli, na Jua hupita mbele yake Desemba, lakini hana kipande kwenye duara hilo. Kwamba chati inatabiri lolote, mimi siamini.